Corolla inalia ka-ka-ka ikikata kona: usikimbilie kununua reki

Swali la msomaji: "Habari za kazi, fundi. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1999, injini 5A, gia otomatiki. Nikitoka getini na kukata usukani wote kulia, mbele kunalia ka-ka-ka-ka mfululizo. Nikinyoosha usukani kelele inaisha. Halafu kuna nyingine: nikizungusha usukani gari likiwa limesimama nasikia gwa! moja, kama kitu kimefyatuka, na usukani unashtuka mkononi. Fundi kalizungusha gari mara moja hapo nje ya gereji, akasema reki ya usukani imekufa, nitafute nyingine ya mtumba. Kabla sijatoa hela nauliza: ni kweli ni reki? Na naweza kuendelea kulitumia gari?"

Ndugu, kwa maelezo uliyotoa, reki (chuma chenye meno kinachosukuma matairi kushoto na kulia unapozungusha usukani) ningeishuku mwisho kabisa. Una kelele mbili, na kila moja ina chanzo chake. Ya kwanza inalia matairi yakiwa yanazunguka huku injini ikiyasukuma. Ya pili inalia matairi yakiwa hayazunguki hata kidogo. Ka-ka-ka ya namna hiyo kwa kawaida ni CV jointi ya nje, ile iliyo karibu na tairi, yaani kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi hata likiwa limekatwa kona. Gwa! ya gari lililosimama kwa kawaida ni beringi iliyo ndani ya mauntingi ya shokapu, juu kabisa, chini ya boneti.

Reki iliyokwisha ina tabia nyingine. Hugonga ukipita kwenye mashimo hata ukienda moja kwa moja, usukani unakuwa na mchezo kabla matairi hayajaitikia, au mipira yake ya pembeni inalowa oili ya pawa stelingi. Hukutaja hata kimoja katika hivyo. Hata hivyo dalili peke yake haitoshi kufungua mkoba. Vipimo vifuatavyo vyote vinafanyika bila kununua spea yoyote, na kazi nzima haizidi saa moja.

Anza na visivyogharimu kitu

Kabla ya kuingia chini ya gari, shika wili spana uguse kila nati ya tairi za mbele. Nati zilizolegea hutoa mlio unaofanana mno na CV jointi, na ndizo hatari kuliko zote. Soketi namba 21, kaza kwa kuvuka upande hadi upande. Kipimo cha kukaza cha Corolla yako ni 103 Nm (Nm ni kizio cha nguvu ya kukaza). Toa na makapu ya plastiki ya rimu kama yapo, kisha jaribu tena. Kapu lililovunjika kishikio hulia kila tairi linapozunguka chini ya mzigo.

Angalia kama kuna jiwe limenasa kwenye nyuzi za tairi. Jiwe utalijua kwa sababu linalia hata ukinyoosha usukani, ila kwenye kona mlio unabadilika.

Halafu kuna bati jembamba nyuma ya diski ya breki, lile la kukinga vumbi. Kwa barabara zetu za kokoto hili ni la kila siku: kijiwe kinaingia katikati ya bati na diski, au bati lenyewe limepinda na kugusa diski gari linapolalia upande mmoja. Mlio wake ni wa kukwaruza, kama bati linaloburuzwa, tofauti kabisa na ka-ka-ka. Unalinyoosha kwa bisibisi ndefu na kazi imeisha. Wapo waliobadilishiwa pedi za breki kwa sababu ya bati hili.

Mwisho, kata usukani wote kulia, kisha wote kushoto, na utazame ukuta wa ndani wa tairi na plastiki ya ndani ya madigadi. Ukiona sehemu imesuguliwa ikang'aa, tairi lako ni pana au refu kuliko linalotakiwa. Hili huwapata waliofunga rimu kubwa za mapambo au kuweka spesa nyuma ya rimu.

Vipimo vitatu vinavyotenganisha kelele

Tafuta uwanja mpana, sakafu ngumu, na mtu mmoja wa kukusaidia. Zima redio, fungua vioo.

Kipimo cha kwanza, gari limesimama. Injini ikiwaka, gia kwenye P, breki ya mkono juu, zungusha usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kinacholia hapa hakiwezi kuwa CV jointi wala beringi ya tairi, maana havizunguki. Kiko kwenye mauntingi, springi, bolijointi (kiungo cha mviringo kinachoshika tairi kwa chini), tairodi (fimbo inayounganisha reki na tairi), reki au nguzo ya usukani yenyewe. Rudia injini ikiwa imezimwa. Usukani utakuwa mzito, lakini mlio ukitoweka kabisa na kurudi ukiwasha, geukia pampu, mkanda na oili ya pawa stelingi.

Kipimo cha pili, mwendo wa miguu. Kata usukani wote kulia, zunguka duara kwa kugusa mafuta kidogo kidogo. Msaidizi atembee pembeni, nje ya duara na mbali na mbele ya gari. Ka-ka-ka ikisikika, achia mafuta: mlio wa CV jointi hupungua au hukatika mara moja, kwa sababu mzigo umeondoka. Rudia kushoto. Kisha rudia yote mawili kwa rivasi. Wengi wanaruka hiyo rivasi, nayo ndiyo humuumbua mhusika, kwani jointi iliyochoka mara nyingi hulia kwa nguvu zaidi ikirudi nyuma.

Kipimo cha tatu, kasi ya kilomita 60 hadi 80 kwa saa kwenye barabara iliyo wazi. Yumbisha gari polepole kushoto na kulia bila kubadilisha kasi. Hapa unasikiliza mvumo, vuuuu, unaopanda ukielekea upande mmoja na kushuka ukielekea mwingine. Huo ni wa beringi ya tairi. Wewe hukuutaja, lakini fanya kipimo hiki, kwa sababu ukishalifungua gari ni vizuri kujua mapema kama na beringi inaomba kutoka.

Juu ya upande gani umeharibika, utasikia kanuni kwamba ukikata upande wa kulia na kelele ikasikika, basi jointi ya kushoto ndiyo mbovu, maana tairi la nje ya kona ndilo linalobeba mzigo. Kanuni hiyo inasaidia lakini usiiamini kupita kiasi. Tairi la ndani ya kona hupinda pembe kubwa kuliko la nje, na jointi yake inaweza kulia vilevile. Sauti nayo husafiri kwenye bodi, ukiwa ndani unaweza kuisikia kushoto kumbe iko kulia. Ushahidi wa kweli ni sikio la msaidizi aliye nje, na hali ya mpira.

CV jointi: tazama mpira kabla ya kitu kingine

Kata usukani wote upande mmoja, inama nyuma ya tairi na tochi. Utaona shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda kwenye habu (kitovu kinachofungwa tairi), na mwishoni mwake mpira mweusi wenye mikunjo. Zungusha tairi (pandisha jeki au sukuma gari kidogo) na upanue kila mkunjo kwa vidole, kwa sababu mpasuko hujificha ndani ya mkunjo. Grisi nyeusi iliyorukia ndani ya rimu, kwenye lowa amu (mkono wa chuma unaoshika tairi kwa chini) au kwenye madigadi inamaanisha mpira umepasuka au klempu imefunguka.

Ndani ya jointi ya nje kuna gololi 6 zinazokaa kwenye mifereji 6, zikishikwa na kizimba cha chuma. Ukienda moja kwa moja, gololi karibu zinatulia mahali pamoja. Ukikata kona, kila gololi inasafiri mbele na nyuma kwenye mfereji wake, mara moja kwa kila mzunguko wa tairi. Mpira ukipasuka, grisi hutupwa nje na mchanga na maji huingia. Mchanga ukichanganyika na grisi iliyobaki, unachimba vishimo pale gololi zinapokaa muda mwingi, yaani katikati, na unapanua madirisha ya kizimba. Ndiyo maana ukienda moja kwa moja husikii kitu, ila ukikata kona gololi zinapanda na kushuka kwenye kingo za vishimo hivyo: ka-ka-ka, kwa mwendo uleule wa tairi.

Kutokana na hapo kuna maamuzi mawili tu. Kama mpira umepasuka lakini jointi bado hailii, badilisha mpira na grisi, na jointi inaweza kuishi miaka. Kama imeshaanza kulia, mpira mpya na grisi mpya havitairudisha. Grisi nzito itafunika mlio kwa siku chache, na hapo ndipo wengi hudhani wamepona. Kwa kelele uliyoieleza, wewe uko kwenye kundi la pili.

Unaweza kununua jointi ya nje peke yake au shafti nzima. Mimi naona kwa Corolla 110 shafti nzima ya mtumba iliyotoka Japani, ikiwa halisi na mipira yake mizima, ni bora kuliko jointi mpya ya bei ya chini kabisa. Chuma cha zile jointi za bei ya kutupa hakidumu. Shafti ya mtumba ipime dukani kabla hujalipa: pinda jointi ya nje hadi mwisho wake na uizungushe kwa mkono. Inatakiwa iteleze kwa uzito wa sare. Ukihisi inakwama na kuruka, au ukiizungusha mbele na nyuma ukasikia mchezo, irudishe. Bonyeza mpira nao. Mpira mkavu wenye nyufa ndogondogo ni wa kubadilishwa hata kama haujapasuka.

Ukichagua jointi mpya, nenda na ile ya zamani mkononi. Lazima meno ya nje, yanayoingia kwenye habu, na meno ya ndani, yanayopokea shafti, yalingane kwa idadi. Angalia pia kama ya kwako ina pete ya ABS, mfumo wa breki unaozuia matairi yasikwame. Jointi isiyo na pete hiyo itaingia vizuri tu, kisha taa ya ABS itawaka.

Kazi yenyewe inakwenda hivi:

1. Gari likiwa chini, toa pini ya kukunja na kofia ya kufungia nati ya habu. Mtu akanyage breki, legeza nati kwa soketi namba 30 na mpini mrefu. Ukisubiri hadi gari liwe juu ya jeki utahangaika, tena kwa hatari.
2. Pandisha, weka stendi imara chini ya chesisi. Jeki peke yake haitoshi. Toa tairi.
3. Fungua bolijointi ya chini kutoka kwenye lowa amu: bolti moja na nati mbili. Tenganisha tairodi endi (ncha ya tairodi) na kisigino cha habu (chuma kinachobeba habu na kugeuka na tairi) kwa kifaa cha kung'olea, si kwa kugonga mpira wake.
4. Rudisha nati ya habu kidogo ili ilinde nyuzi, kisha gonga ncha ya shafti kwa nyundo ya shaba au ya plastiki. Ikishatoka, toa nati na uvute habu nje bila kunyonga mpira wa breki.
5. Upande wa gia boksi, ng'oa jointi ya ndani kwa mtaimbo mfupi. Kamwe usivute shafti kwa katikati, utaichomoa jointi ya ndani ikaachana na roli zake tatu. Weka beseni chini. Oili itakayotoka ipime, na urudishe kiasi kilekile cha aina ileile.
6. Shafti mpya ikiingia kwenye gia boksi, mdomo wa klipu ya pete uelekee chini, sukuma hadi uisikie imekaa. Ivute kidogo kwa kuishika kwenye jointi kuhakikisha haitoki. Seli ya oili isiguswe na meno.

Kama unabadilisha jointi au mpira tu, tumia grisi nyeusi ya moli (yenye molibdeni) iliyokuja kwenye boksi, yote. Nusu ishindilie ndani ya jointi hadi itokeze kati ya gololi, iliyobaki iingie kwenye mpira. Grisi ya kawaida ya chesisi au ya beringi haifai hapa, inakimbia joto na mgandamizo. Kabla ya kukaza klempu ndogo, ingiza bisibisi nyembamba chini ya mdomo wa mpira hewa itoke, mpira ukae kwa urefu wake wa kawaida bila kunyonywa wala kuvutwa. Na tafadhali, klempu ziwe klempu. Waya wa kufungia nondo na vipande vya tyubu ya baiskeli hulegea, grisi inatoka, na utarudi gereji ileile na kelele ileile.

Nati ya habu ya Corolla hii hukazwa 216 Nm, bolijointi kwenye lowa amu 142 Nm, tairodi endi 49 Nm. Hapa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, ni ya lazima, hasa kwa nati ya habu. Ikiwa chini ya kipimo, beringi ya tairi inaanza kucheza na baada ya muda utasikia mvumo ambao hukuwa nao. Pini za kukunja ziwe mpya. Iliyokwisha kukunjwa mara moja usiirudishe.

Ile gwa! ya gari lililosimama

Corolla 110 mbele ina shokapu iliyobeba springi, na yote mawili huzunguka pamoja na tairi unapokata usukani. Juu yake kuna mauntingi ya mpira iliyofungwa kwenye bodi kwa nati tatu, ambayo haizunguki. Katikati yao kuna beringi. Maji na vumbi vikiingia beringi inakauka, inashika kutu, na springi haizunguki tena kwa ulaini: inajinyonga, inajinyonga, kisha inafyatuka kwa mkupuo. Ndiyo ile gwa!, na ndiyo mshtuko unaousikia mkononi.

Kuhakikisha, fungua boneti na ushike kwa kiganja sehemu ya juu ya mauntingi ya kushoto huku msaidizi akizungusha usukani taratibu. Kisha inama pembeni na uweke vidole juu ya uso wa nje wa springi, kwa juu. Usiviingize katikati ya mizunguko yake, ikifyatuka inakata. Springi nzima inazunguka bila kukwama? Inaruka kwa vipande? Linganisha upande wa kulia. Inayoruka ndiyo mbovu, na kwa kawaida mwenzake hayuko mbali, kwa hiyo mauntingi hubadilishwa zote mbili kwa pamoja. CV jointi haina ulazima huo.

Ukiwa hapo tazama mzunguko wa chini kabisa wa springi, pale unapokaa kwenye sahani. Springi iliyokatika mwisho wake hutoa gwa! ileile, na gari huwa limelala kidogo upande huo.

Kubadilisha mauntingi kunahitaji kitu kimoja usichoweza kukikwepa: kibanio cha springi, viwili vinavyokaa pande mbili zinazotazamana. Nati ya katikati ya shokapu haifunguliwi kabla springi haijabanwa hadi ikalegea kwenye sahani zake. Springi iliyobanwa na gari ina nguvu ya kuvunja taya, na wapo mafundi wanaoifungua kwa kukalia au kufunga kamba. Fundi wako akifanya hivyo, chukua funguo zako uondoke. Kabla ya kutoa bolti mbili zinazoshika shokapu na kisigino cha habu, piga alama kwa rangi zilipokaa.

Wakati wa kurudisha, ncha ya springi ikae kwenye kidato chake chini, na alama ya OUT kwenye sahani ya juu ielekee nje ya gari. Jaza grisi kwenye nafasi ya juu ya beringi na ufunike kwa kofia yake. Kofia hiyo ndogo mara nyingi hupotea gereji, na bila hiyo maji ya mvua na ya kuoshea yanarudi palepale. Ukimaliza, fanya alaimenti (kupima na kunyoosha matairi).

Kama vipimo vikikataa

Inawezekana mauntingi ikawa nzima. Basi rudi chini ya gari, msaidizi azungushe usukani kushoto kulia kwa hatua fupi fupi, na uitazame reki pale ilipofungwa kwenye fremu. Mwili wa reki ukitembea pembeni kabla shafti zake hazijasukuma tairodi, bushi zake zimekwisha. Hizo ni bushi za mpira, hubadilishwa bila kugusa reki. Angalia pia kiungo cha chini cha nguzo ya usukani, karibu na kanyagio: weka kidole juu yake, ukihisi inagonga wakati usukani unabadili uelekeo, umeipata. Hapo fundi wako atakuwa karibu na ukweli, lakini bado si reki nzima.

Pandisha gurudumu moja na ulishike. Mkono mmoja saa 3 na mwingine saa 9, sukuma na kuvuta: mchezo hapo unatoka kwenye tairodi endi au reki endi (kiungo cha tairodi upande wa reki). Saa 12 na saa 6: mchezo hapo ni wa beringi au bolijointi. Mtu akanyage breki, urudie. Mchezo ukipotea ni beringi ya tairi. Ukibaki, ni bolijointi au shokapu.

Bolijointi ya chini ipime gurudumu likiwa linaning'inia: ingiza mtaimbo kati ya lowa amu na kisigino cha habu, uinue na kushusha. Kwenye gari hili hautakiwi kuona mchezo wa juu-chini. Ikiwa kavu bila mchezo, hutoa mlio wa nyiii kama kitanda cha zamani unapokata usukani. Ikiwa na mchezo, gari lisitoke gereji, kwa sababu ikichomoka tairi linalala na usukani hauna kazi tena.

Mvumo wa kasi, kama uliusikia kwenye kipimo cha tatu, unasomwa hivi: ukielekea kushoto uzito unahamia kulia, na mvumo ukipanda, beringi ya kulia ndiyo mbovu. Kwanza badilisha matairi ya mbele kwenda nyuma ujaribu tena, kwani tairi lililoliwa vibaya huvuma vilevile. Beringi hii huingizwa kwa mashine ya kushindilia. Ikipigwa nyundo inaharibika siku ileile.

Kama mlio ni wa kulalamika, ng'uuu, unaopanda ukifika mwisho wa usukani, pima oili ya pawa stelingi. Gari hili linatumia ATF (oili ya gia otomatiki) ya Dexron II au III. Oili yenye povu ina hewa. Kuitoa hewa, pandisha matairi ya mbele, injini imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa huku ukiongeza oili, kisha washa na urudie. Mlio mkali wa kuchanika, kwiii, ni mkanda unaoteleza. Usikae umeshikilia usukani mwishoni zaidi ya sekunde 10, pampu inachemka bure.

Je, uendelee kuliendesha?

Kama bolijointi, tairodi na nati za tairi ziko sawa, unaweza kwenda nalo kazini kwa siku chache huku ukitafuta spea. Usifungue mafuta kwa nguvu usukani ukiwa umekatwa, na ahirisha safari ndefu. CV jointi inayolia haikupi tarehe ya kukatika. Ikikatika, injini itavuma na gari halitakwenda, kwa sababu nguvu yote itakimbilia upande uliokatika. Jambo ambalo wenye otomatiki wengi hawalijui ni kwamba shafti ikikatika, hata P haishiki gari. Pakiwa na mteremko litateremka lenyewe. Vuta breki ya mkono na uweke jiwe kwenye tairi kabla hujatoka.

Kwa fundi wako mpe ombi moja: akuonyeshe mchezo wa reki kwa mtaimbo au oili inayovuja kwenye mipira yake. Asipoweza kukuonyesha, anza na CV jointi ya upande ulioonekana na mpira uliopasuka, kwani hiyo ndiyo inayoweza kukuacha barabarani. Mauntingi zinaweza kungoja mshahara ujao. Ila ukiweza, fanya vyote siku moja, kwa sababu kisigino cha habu kitakuwa kimeshafunguliwa na alaimenti utailipia mara moja. Baada ya kama kilomita 100 rudi ukaze tena nati za tairi, na utazame klempu za mpira mpya kama zimebaki kavu.